Kamera Imeibwa na Bima Unayo: Kinachoamua Kama Utalipwa

Begi la mpigapicha wa harusi anayejitegemea, awe Dar es Salaam au Nairobi, huwa na kamera mbili, lenzi tatu au nne, flashi, betri na memori kadi. Ukipiga hesabu ya vilivyomo, mara nyingi begi hilo lina thamani kubwa kuliko bodaboda iliyomfikisha ukumbini. Bodaboda ina bima kwa sababu sheria inalazimisha. Begi, ambalo ndilo linalolisha familia, mara nyingi halina.

Kwa waliokata bima, malalamiko ninayoyasikia yanafanana mno: ada nimelipa, kamera imeibwa kweli, polisi nimekwenda, na kampuni imekataa. Mara nyingi katika kisa kama hicho hakuna aliyedanganya. Mpigapicha anazungumzia kuibiwa. Kampuni inasoma mkataba unaotaja namna fulani ya kuibiwa, mahali fulani, mikononi mwa mtu fulani. Katika pengo hilo ndimo fidia inamopotelea, na pengo lenyewe linaweza kuonekana mapema, kabla hujalipa hata shilingi.

Mkataba upi umeuziwa

Ukimwambia wakala unataka kukatia kamera bima ya wizi, anaweza kukuuzia mikataba isiyofanana hata kidogo.

Bima ya nyumba na vyombo vyake huihesabu kamera kuwa kifaa cha nyumbani, kama televisheni. Kwa anayepiga picha za watoto wake inatosha. Kwa anayelipwa, hata kama ni Jumamosi chache kwa mwaka, mikataba mingi ya aina hii ina kipengele kinachoondoa vifaa vya biashara. Bima ya vifaa vya elektroniki imelenga kompyuta na mitambo inayokaa mahali pamoja. Inaifaa studio yenye kompyuta za kuhariri, lakini kifaa kinachotoka nje ya jengo lazima kiongezwe kwa maandishi. Inabaki miwili, na hiyo ndiyo inayochanganywa kila siku: bima ya wizi wa kuvunja, ambayo kwenye fomu huandikwa Burglary, na bima ya hatari zote, inayoandikwa All Risks.

Bima ya wizi wa kuvunja huwa nafuu kuliko ile nyingine, na ndiyo inayowaumiza wapigapicha zaidi. Inalinda mali iliyo ndani ya jengo lililotajwa kwenye mkataba, dhidi ya mtu aliyeingia au kutoka kwa nguvu inayoacha alama: kufuli limekatwa, nondo zimepindwa, bati limeng'olewa. Kamera ikikwapuliwa barabarani, mkataba huu hauhusiki kabisa. Na hata ikiibwa ndani ya jengo hilohilo, bado linabaki swali la mlango.

Swali hilo lilijibiwa Uingereza mwaka 1899, katika kesi ya George dhidi ya Goldsmiths and General Burglary Insurance Association. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa kitasa tu, bila kutiwa ufunguo. Mwizi akazungusha kitasa, akaingia, kisha akavunja kabati la vioo lililokuwa limefungwa na kuondoka na bidhaa. Mkataba ulitaka kuingia kwa nguvu halisi na kwa ukali. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kuzungusha kitasa si kuingia kwa namna hiyo, na kabati kuvunjwa ndani hakubadilishi namna mtu alivyoingia. Mwenye duka hakupata kitu.

Hukumu hiyo haiko mbali nasi. Kenya ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu bado husoma maamuzi ya kule zinapoamua mambo ya bima. Mikataba nayo imebeba maneno yaleyale. Kwa hiyo fikiria studio ya Sinza, Dar es Salaam, saa tano asubuhi. Msaidizi yuko chumba cha ndani anamweka mteja sawa kwa picha za pasipoti. Mtu anaingia kama mteja wa kawaida, anachukua kamera iliyo mezani, anatoka. Kwa Kanuni ya Adhabu huo ni wizi usio na ubishi. Kwa mkataba wa wizi wa kuvunja, hakuna kilichovunjwa, hakuna cha kulipa.

Hatari zote, isipokuwa hizi

Bima ya hatari zote imejengwa kinyume. Badala ya kutaja yanayolipwa, inasema italipa hasara yoyote ya ghafla isiyotarajiwa, kisha inaorodhesha yasiyolipwa. Faida yake haiishii kwenye upana. Katika mkataba wa wizi wa kuvunja, wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba tukio lako limo ndani ya maneno ya mkataba. Katika hatari zote, unaonyesha kwamba kifaa kimeondoka bila kutarajia, na kampuni ikitaka kukataa, yenyewe ndiyo inayopaswa kuonyesha kipengele kilichokutoa. Kwa mpigapicha anayezunguka, anayefanya kazi Mbagala leo na Bagamoyo kesho, huu ndio mkataba wa kuutafuta, hata ukiwa ghali zaidi. Mwenye studio yenye vitu vingi visivyotoka anaweza kuwa na yote miwili: ule nafuu kwa taa, stendi na mandhari za nyuma, huu kwa kamera na lenzi.

Lakini ile orodha ya yasiyolipwa isomwe neno kwa neno, kwa sababu humo mna maisha yetu ya kila siku.

Kuna gari. Vipengele vingi hukataa kulipa kifaa kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu, au hulipa kwa masharti: gari lilikuwa limefungwa, begi lilikuwa kwenye buti bila kuonekana, kuna alama za kuvunjwa, na mara nyingine tukio liwe la mchana. Begi lililoachwa kiti cha nyuma wakati unanunua maji Chalinze halitapita. Kinyume chake, kibaka anayepitisha mkono dirishani kwenye foleni na kuinyakua kamera mapajani mwako ameiiba ukiwepo, na hapo mkataba wa hatari zote kwa kawaida unasimama.

Ukumbini ni vivyo hivyo. Wapigapicha huwa wanaficha mabegi nyuma ya spika za DJ au chini ya meza ya keki, kisha wanafuata msafara wa maharusi nje. Mikataba mingine hulihesabu begi hilo kama mali iliyoachwa bila uangalizi. Muulize wakala kwa maandishi: begi likiwa ukumbini nami niko mita ishirini likiibwa, mnalipa? Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya madai.

Kuna kutoweka kusiko na maelezo. Umefika nyumbani saa nane usiku, umefungua begi, lenzi haimo. Hujui iliondoka wapi wala saa ngapi. Huenda imeibwa, huenda imeanguka kwenye bajaji. Mkataba ukiwa na kipengele hiki, kukosa maelezo peke yake kunatosha kukunyima.

Na kuna lile ambalo naliona kuwa hatari kubwa kuliko zote kwa sasa, na ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute: kifaa ulichokikabidhi kwa mkono wako. Mtu anapiga simu, anajitambulisha kama mratibu wa hafla, anataka kukodi kamera na lenzi mbili kwa siku mbili. Anatuma malipo ya awali kwa simu, anaacha nakala ya kitambulisho. Siku ya tatu namba haipatikani, na kitambulisho ni cha mtu mwingine kabisa. Polisi watafungua jalada, maana Kenya na Tanzania zote zina kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Kampuni ya bima itauliza swali moja: nani alimpa? Ukijibu "mimi", mikataba mingi inaishia hapo. Hasara inayotokana na mwenye mali kushawishiwa aikabidhi mwenyewe huondolewa waziwazi, na kukodisha kwa ujumla huhesabiwa kuwa biashara nyingine isiyotajwa kwenye fomu. Anayeishi kwa kukodisha vifaa anahitaji kuisema kazi hiyo tangu mwanzo na kupata kipengele cha ziada kilichoandikwa kwa ajili yake. Asipokipata, ulinzi wake ni amana nzito na mdhamini anayemfahamu kwa sura.

Kwa kuazimana nasema hivyohivyo. Tunaazimana lenzi kwa undugu, na undugu huo ndio umeiinua kazi hii kwa vijana wengi. Bima inafuata mtu mwenye maslahi ya mali katika kifaa, yaani yule anayepata hasara kikipotea. Lenzi ya mwenzako ikiibwa begani mwako, mkataba wako haulipi isipokuwa umeandikwa kwamba unalinda na vifaa vya watu vilivyo chini ya uangalizi wako; mkataba wake yeye haulipi isipokuwa unaruhusu kifaa kutumiwa na mwingine. Inawezekana kabisa mikataba miwili ikawepo na lenzi isilipwe na wowote.

Msaidizi naye. Wizi uliofanywa na mfanyakazi wako, mtu wa nyumbani kwako, au yeyote mwenye ruhusa ya kuwa ndani, kwa kawaida haumo. Kwa wafanyakazi ipo bima nyingine ya uaminifu, inayofaa zaidi studio yenye watu kadhaa wa mshahara kuliko mpigapicha na kijana wake mmoja. Droni mara nyingi hutengwa kabisa na huhitaji mkataba wake, na kampuni itataka kuona kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Thamani unayoandika

Hapa ndipo watu hupoteza fedha hata dai linapokubaliwa.

Chukua mfano wa kubuni. Vifaa vyako vyote vina thamani ya TSh 12,000,000. Ili ada iwe ndogo, unaandika TSh 8,000,000. Unajiambia kwamba haviwezi kuibwa vyote kwa mpigo, na kwamba milioni nane itatosha kwa chochote kitakachotokea. Lenzi ya TSh 3,000,000 inaibwa. Unategemea milioni tatu. Kampuni inasema umekata bima ya theluthi mbili ya mali yako, kwa hiyo theluthi moja ya kila hasara ni yako: inakokotoa TSh 2,000,000. Kisha inatoa sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe kila mara. Ikiwa ni asilimia 10, zinaondoka TSh 200,000. Unapokea TSh 1,800,000 kwa lenzi ya milioni tatu, na kila hatua ya hesabu hiyo imeandikwa kwenye mkataba uliosaini.

Njia ya kupunguza makali ni kuorodhesha vifaa kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake na namba yake. Mkataba ukiandikwa hivyo, kila kifaa hupimwa peke yake. Ukitaka kuokoa ada, acha kabisa vitu vidogo, yaani mikanda, chaja, stendi na kadi, kisha kamera na lenzi uziandike kwa thamani kamili. Kuandika nusu bei kwa kila kitu ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Thamani kamili yenyewe inabadilika. Vifaa hivi vinaagizwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu KSh 123. Januari 2024 ilifika karibu KSh 160, kisha ikashuka tena mwaka huohuo hadi karibu 130. Aliyeandika thamani mwanzoni mwa 2023 na kuhuisha mkataba bila kugusa namba, kufikia Januari 2024 alikuwa amepungukiwa kwa kiasi kikubwa bila kununua wala kuuza chochote. Kila unapohuisha, uliza bei ya siku hiyo.

Upande wa pili ni uchakavu. Canon EOS 5D Mark III ilitangazwa Machi 2012 kwa dola 3,499, na bado kuna wanaoifanyia kazi. Mkataba unaolipa thamani ya soko utakupa bei ya kamera iliyotumika ya umri ule, si ya kamera mpya. Mkataba unaolipa kifaa kipya badala ya cha zamani upo, ada yake ni kubwa, na mara nyingi haupokei kamera zilizozeeka. Kwa kamera ya miaka kumi na zaidi, mimi ningeweka ada hiyo pembeni kidogo kidogo mpaka ifike bei ya nyingine.

Kuhusu ada yenyewe, kiwango ni asilimia ya thamani na hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Angalia kinachoongezwa juu yake. Tanzania Bara ada hutozwa VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, ada ya TSh 240,000 utailipa TSh 283,200. Kenya haina VAT kwenye ada, ila kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada, tozo ya mfuko wa fidia wa wenye bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa KSh 40. Lipa kwa akaunti ya kampuni na uchukue risiti, kwa sababu bima isiyolipiwa haijaanza, hata kama wakala amekupa karatasi.

Unachokisema kabla, unachokionyesha baadaye

Fomu ya maombi inauliza mambo yanayoonekana madogo: unafanya kazi gani, vifaa hukaa wapi usiku, umewahi kuibiwa. Mkataba wa bima unadai uwazi wa hali ya juu kuliko mikataba ya kawaida, kwa kuwa kampuni haiwezi kuja kuona maisha yako. Aliyejiandika mwalimu, kumbe wikiendi anapiga harusi kwa malipo, ameipa kampuni sababu ya kuubatilisha mkataba mzima, hata kama wizi wenyewe hauna uhusiano na harusi. Mipaka ya nchi nayo iandikwe. Wa Arusha wanaovuka Namanga kwa kazi za Nairobi wahakikishe mkataba unavuka nao.

Siku ya tukio, nenda polisi mapema, na uangalie unachopewa. Tanzania kuna taarifa ya upotevu wa mali, inayopatikana hata mtandaoni, na wengi huikimbilia kwa kuwa ni rahisi. Hiyo ni ya kitu kilichopotea. Ukiibiwa, fungua jalada la wizi upate namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Ukiipelekea kampuni taarifa ya upotevu, umejiandikia mwenyewe kwamba kifaa kimepotea, na unakumbuka kile kipengele cha kutoweka kusiko na maelezo. Kenya utahitaji namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na baadaye abstrakti, yaani muhtasari rasmi wa taarifa yako. Maelezo unayompa askari na yale unayoandika kwenye fomu ya madai yafanane kwa saa, mahali na vitu, kwa maana mkadiria hasara atayaweka meza moja. Kampuni nayo ijulishwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Wakati mwingine ni siku chache tu.

Risiti ni tatizo la wengi wetu. Kamera imeletwa na shemeji kutoka Dubai, au imenunuliwa mkononi kwa mwenzako aliyehamia chapa nyingine ya kamera. Bila risiti hali haijaharibika, mradi ushahidi mwingine uwepo kabla ya wizi. Piga picha ya namba iliyochapwa kwenye kila kamera na lenzi. Tengeneza hati ya mauziano, yenye namba hizo na sahihi za pande zote. Omba muuzaji wa vifaa anayetambulika akuandikie makadirio ya thamani, uyaambatishe wakati wa kukata bima.

Ushahidi mwingine mzuri tayari unao kwenye diski ya kompyuta yako. Kamera nyingi za kisasa huandika namba yake ndani ya kila faili la picha, pamoja na tarehe, na nyingi huandika hata namba ya lenzi. Programu ya bure kama ExifTool inaisoma. Picha za harusi ya Jumamosi iliyopita zinaonyesha kwamba kamera ile yenye namba ile ilikuwa mikononi mwako siku ile. Sharti ni kutunza mafaili halisi, kwa sababu picha iliyopita WhatsApp au Instagram kwa kawaida imekwisha kuvuliwa taarifa hizo.

Mafaili hayo yanaleta jambo jingine. Kamera ikiibwa na kadi ndani yake, kampuni hulipa bei ya kadi tupu. Picha za nikaha ambazo hazitarudiwa hazina thamani yoyote katika mkataba wa vifaa. Familia ikidai fidia kwa picha hizo, anayejibu ni wewe, au bima ya dhima ya kitaaluma kama unayo. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iwekwe iandike zote mbili, na moja itoke kwenda mfukoni mwako kabla ya sherehe kwisha.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kipengele kilichotumika. Tanzania unaweza kupeleka lalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya ni kwa IRA, mamlaka ya huko inayosimamia bima. Barua isiyotaja kipengele ina nafasi nzuri ya kupingwa, hasa kwenye mkataba wa hatari zote.

Dai likilipwa, yapo mawili yanayosahaulika. Kamera ikipatikana baadaye, ni mali ya kampuni kwa kiasi ilichokulipa. Ukiiona inauzwa Kariakoo usiinunue kimyakimya, wajulishe polisi na kampuni. Na kiwango chako cha bima kimepungua kwa kiasi cha fidia. Lenzi mpya uliyoinunua kwa fedha hiyo haimo kwenye mkataba mpaka uandike barua, utaje namba yake, na ulipie ada ya miezi iliyobaki.